Je, Wajua? Wimbo Unaomliza Ngamia na Mwenye Ngamia

Je, wajua kwamba upo wimbo wa huzuni unaoimbiwa ngamia mpaka atokwe na machozi? Wafugaji wa jangwa la Gobi nchini Mongolia wanao. Ngamia jike akimkataa ndama wake, au ndama akifiwa na mama na kutafutiwa mama mwingine, mwimbaji huketi karibu na yule jike akarudiarudia mlio mmoja wa upole, kwa saa nyingi ikibidi, huku mwenzake akipiga zeze la nyuzi mbili. Jike akilainika, humwachia ndama anyonye. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wanaoujua wamebaki wachache. Filamu iliyotengenezwa kuhusu jambo hilo mwaka 2003, The Story of the Weeping Camel, ilifika hadi kuwania tuzo ya Oscar.

Mfugaji wa Sericho, kaskazini mwa Kenya, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Katika Pembe ya Afrika, ndama akifa, mama huletewa ngozi yake ainuse ili asikatae kutoa maziwa. Mnyama hukumbuka, na kumbukumbu yake huamshwa kwa harufu au kwa sauti.

Je, wajua kwamba katika Hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.) yupo mtu anayekumbukwa kwa sababu ya sauti yake ya kuimbia ngamia? Anaitwa Anjasha. Alikuwa akiswaga ngamia waliobeba wanawake, na uimbaji wake uliwachangamsha wanyama mno, hata Mtume akamtaka apunguze mwendo, akiwafananisha wasafiri hao na vyombo vya kioo. Masimulizi hayo yamo katika Sahihi Bukhari.

Je, wajua kwamba mwito huohuo wa kuita na kuswaga ngamia kwa wimbo, uitwao Alheda'a, uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2022 kwa maombi ya pamoja ya Saudi Arabia, Oman na Falme za Kiarabu?

Je, wajua Sericho iko wapi? Ni wadi ya Isiolo Kusini, kwenye nyanda za Waso. Mto Ewaso Ng'iro huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Archers Post na Merti, kisha humezwa na kinamasi cha Lorian kabla ya kufika popote penye bahari. Sericho imekaa huko mwishoni mwa mto, mahali ambapo mwaka wa mvua njema mlimani huleta maji na mwaka wa ukame huleta mchanga. Wakazi wake wengi ni Waborana, wasemaji wa tawi la Kioromo, wakiishi jirani na Wasomali. Mtu aliyekulia huko husikia Kiborana nyumbani, Kisomali sokoni, Kiswahili shuleni na Kiarabu msikitini. Nyimbo zinazomgusa moyo hutoka pande zote hizo, na ndiyo maana safu hii inamtazama yeye.

Je, wajua kwamba kusini mwa Ethiopia Waborana wana visima ambavyo wageni huviita visima vinavyoimba? Ni makundi tisa ya visima virefu viitwavyo tula, vingine vikishuka karibu mita 30 ardhini. Wanaume husimama mmoja juu ya mwingine kuanzia majini hadi juu, wakipokezana vyombo, na wimbo ndio unaopanga mikono yao. Wimbo ukikatika, maji humwagika. Nyimbo hizo husifu ng'ombe na ngamia wanaosubiri zamu yao kwenye hori. Ni nyimbo za kazi na furaha, lakini nadhani ndizo zinazoumiza kuliko nyingine zote siku kundi linapokwisha. Mtu aliyeimba sifa za mnyama fulani miaka kumi, akiisikia sauti ileile kinywani mwa jirani ambaye kundi lake bado lipo, anasikia alichopoteza.

Na makundi yamekwisha kweli. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya, na nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia.

Je, wajua kwamba zamani kutamani nyumbani kuliandikwa katika vitabu vya tiba kama ugonjwa, na kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe ndio uliolaumiwa kuusababisha? Mwaka 1688, mjini Basel, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu Waswisi waliokuwa mbali na kwao wakadhoofika, wakakosa usingizi na hamu ya kula. Baadaye ikasemekana kwamba askari wa Uswisi waliokodiwa na wafalme wa kigeni walikuwa na wimbo mmoja hasa uliowavunja moyo: ule wa kuita ng'ombe kutoka malishoni milimani. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kwamba ulipigwa marufuku katika vikosi vyao, adhabu ikiwa kifo, kwa sababu waliousikia walilia, wakatoroka jeshi au wakafa. Rousseau aliongeza jambo ambalo wataalamu wa leo bado wanalirudia: mgeni akiusikia wimbo huo hapati lolote la ajabu. Nguvu yake yote imo katika alichoishi msikilizaji.

Kwa hiyo mchungaji wa Alps na mchungaji wa Waso wangeelewana. Huyu ana theluji, yule ana vumbi, wote wawili wana ng'ombe wanaoitika wakiimbiwa.

Je, wajua kwamba Waborana wa Waso wenyewe ni watu waliotengwa na ndugu zao kwa mstari wa ramani? Miaka ya 1930 ya mwanzo serikali ya kikoloni iliwahamisha kutoka upande wa Wajir hadi kandokando ya Ewaso Ng'iro, na mwaka 1934 ukawekwa mpaka uliotenganisha malisho yao na ya Wasomali. Kuna jamaa waliobaki Marsabit, Moyale na ng'ambo ya Ethiopia. Mtu akikatwa na visima vya babu zake, kilichobaki cha kuvifikia ni masimulizi na nyimbo.

Je, wajua kwamba barabara ya Wabera katikati ya Nairobi inabeba jina la mtu aliyeuawa katika eneo la Modogashe, si mbali na Sericho? Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido wakiwa katika shughuli ya kuwasihi watu wasijitenge na Kenya. Wanaopita barabara hiyo kila siku kwenda kazini ni wengi. Natamani wangejua walau hilo moja.

Kilichofuata ndicho kiini cha huzuni ya Waso. Tarehe 28 Desemba 1963, uhuru ukiwa na majuma mawili tu, serikali ilitangaza hali ya hatari katika iliyokuwa Northern Frontier District, Isiolo ikiwemo. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katikati ya vita, hasa kuanzia 1966, wafugaji walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi wa askari, Garba Tulla ikiwa mojawapo ya kambi hizo. Mtu aliyezoea kufuata mvua kwa siku kadhaa alizuiwa kutoka na mifugo yake zaidi ya umbali uliowekwa. Malisho ya karibu yakaisha. Mifugo ikafa kwa njaa na maradhi, mingine ikapigwa risasi, mingine ikachukuliwa. Familia zilizokuwa na ngamia wengi zikatoka kambini zikiwa hazina kitu. Wengine walikimbilia Somalia. Waborana wa Waso huiita miaka hiyo Gaf Daba, na hata leo mzee wa Isiolo Kusini huhesabu umri kwa kutaja kama mtu alizaliwa kabla au baada yake. Sheria za hali ya hatari kaskazini zilifutwa mwaka 1991. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika ushahidi wa miaka hiyo katika ripoti yake ya 2013, karibu nusu karne baadaye.

Kwa muda wote huo wa katikati, nani alikuwa akiweka kumbukumbu? Walioyapitia ndio walioyasimulia kwa midomo yao jioni, na katika jamii ambayo ng'ombe husifiwa kwa wimbo, kumtaja ng'ombe aliyekufa kambini ni kutaja pia wimbo wake.

Je, wajua kwamba kanda ya kaseti ilizinduliwa Berlin na kampuni ya Philips Agosti 1963, miezi minne tu kabla ya hali hiyo ya hatari? Hakuna kilichounganisha mambo hayo mawili wakati ule. Lakini kaseti ndiyo iliyokuja kuwa sanduku la nyimbo za wafugaji wa Pembe ya Afrika, kwa kuwa ilienea mfukoni, ilichezwa kwa mawe manne ya redio na ilinakiliwa sokoni bila kuhitaji studio. Watu waliotawanyika walitumiana barua kwa kaseti, sauti na wimbo kwa pamoja.

Je, wajua kwamba nyimbo ziliwahi kuzikwa ardhini ili zisife? Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre wa Somalia zilipokuwa zikiuharibu mji wa Hargeisa kwa mabomu, watu wa Radio Hargeisa na wasanii walificha kanda zao, nyingine wakazifukia chini ya ardhi, nyingine wakazivusha mpaka. Vita vilipokwisha wakazifukua. Leo kituo cha utamaduni mjini Hargeisa kina hazina ya kaseti zaidi ya 10,000, na mkusanyiko uliochaguliwa kutoka humo, Sweet as Broken Dates, ulitolewa mwaka 2017 ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ni za mapenzi yaliyoshindikana. Waliozifukia waliona kwamba wimbo wa mapenzi unastahili kuokolewa hata mabomu yakianguka, nami naona walikuwa sahihi.

Je, wajua kwamba Wasomali wana mshairi anayesemekana kufa kwa mapenzi? Elmi Boodhari alifanya kazi katika duka la mikate huko Berbera, akampenda msichana aitwaye Hodan, na hakuweza kumwoa. Alitunga mashairi juu yake katika jamii ambayo wakati huo iliona ni aibu mwanamume kutangaza mapenzi hadharani. Ushairi wa heshima ulikuwa wa vita, ngamia na siasa. Alifariki mwaka 1941. Tangu hapo, kijana wa Kisomali akikonda kwa ajili ya msichana hutajiwa jina lake.

Miaka michache baadaye dereva wa lori, Abdi Sinimo, akaanzisha mtindo wa nyimbo fupi za mapenzi ulioitwa balwo. Inasimuliwa kwamba ulianza siku lori lake lilipoharibika njiani, naye akaanza kuimba masikitiko yake. Anayeijua barabara ya Isiolo hadi Modogashe kabla ya lami ataiamini hadithi hiyo bila shida. Barabara ndefu na gari bovu zimezaa nyimbo nyingi duniani.

Je, wajua nyimbo hizo ziliwezaje kuwa na wenyeji Isiolo, mbali hivyo na Berbera? Mji wa Isiolo ulipata Wasomali wake wa kwanza kutokana na askari waliopigania Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wakapewa makazi hapo baada ya utumishi wao. Wengi walitoka upande huohuo wa kaskazini mwa Somalia. Kisha ikaja redio. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili Juni 1957 na ya Kisomali Julai mwaka huohuo, na nyumba ya Isiolo Kusini yenye redio moja iliweza kuzipokea lugha zote mbili jioni moja.

Je, wajua kwamba shairi maarufu la Msomali Hadraawi kuhusu mji wa Beledweyne, lililoimbwa na Hassan Aden Samatar, lilifanya mji mzima uwe jina la kumkumbuka mwanamke mmoja? Hadraawi, aliyefariki Agosti 2022, alifungwa jela miaka mitano kwa mashairi ya siasa. Ukimuuliza Msomali wa kawaida, hata hivyo, huenda akakutajia kwanza lile la Beledweyne.

Je, wajua kwamba mojawapo ya nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani ni malalamiko ya maskini? Malaika unahusu kijana aliyempenda msichana akashindwa na mahari. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, ndiye aliyeurekodi kwanza akiwa na Jambo Boys karibu na 1960. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuutunga kabla yake, na ubishi huo haukumalizika hadi Fadhili alipofariki mwaka 2001. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte, Boney M wakaurekodi 1981, Angélique Kidjo naye akauchukua. Hoteli za pwani huwaimbia watalii wakila chakula cha jioni, wakitabasamu. Ukisikiliza maneno, hakuna la kutabasamia. Ni kijana asiye na mali akimlilia anayempenda.

Je, wajua kwamba mmoja wa nyimbo zenye majonzi zaidi katika zilizopendwa za Kenya ulipigwa na wanajeshi? Charonyi ni Wasi ya mwaka 1977 ni kazi ya Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya iliyoundwa 1970 katika kambi ya Lang'ata. Kiongozi wake, Habel Kifoto, alikuwa pia Mtaita, na wimbo uko katika Kitaita. Unazungumzia machungu ya kuwa safarini mbali na kwenu. Wakenya wengi wanaoufuata kwa sauti hawajui neno moja la Kitaita, na bado huwashika. Askari aliyepelekwa kaskazini kavu na mfugaji aliyemwona askari huyo akiingia kijijini kwake walikuwa na hofu tofauti kabisa, lakini wimbo huu uliwafikia wote kupitia redio ya taifa. Kifoto alifariki Julai 2011.

Je, wajua kwamba Mbaraka Mwinshehe, aliyetumbuiza hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya 1970, alifariki Mombasa Januari 1979 katika ajali ya barabarani akiwa na miaka 34? Wimbo wake Shida ulikuwa tayari umeenea. Baada ya kifo chake watu waliusikia vingine.

Je, wajua kwamba kadi za salamu zilikuwa njia ya kutuma huzuni kwa staha? Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya jamaa na wimbo anaouomba, akaituma kwa posta kwenye kituo cha redio, akasubiri majuma. Jina la mtu aliyekwenda kutafuta kazi Mombasa likisomwa hewani kisha wimbo ukapigwa, nyumba yote ilinyamaza. Ilikuwa njia ya kumwambia mtu hujasahauliwa, bila kulia mbele ya wakwe.

Je, wajua kwamba wimbo wa Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, ulihifadhi kesi ya mauaji ambayo haki yake haikupatikana? Wimbo wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Zanzibar na mwanamume aliyejulikana kwa jina hilo. Muuaji alitorokea bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa na marehemu. Mahakama ilifunga faili. Wimbo haukufunga, na ndiyo sababu tunajua.

Je, wajua kwamba Uislamu unaruhusu machozi kwa marehemu lakini unakataza maombolezo ya kelele? Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Sericho hutasikia ngoma za matanga kama zile za isukuti magharibi mwa Kenya. Mazishi ni ya haraka, dua na Qur'ani. Huzuni ya baadaye hutafuta mlango mwingine, na mara nyingi mlango huo ni wimbo ambao juu juu unahusu ngamia, safari au mvua.

Je, wajua kwamba washairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuanza shairi kwa kusimama kwenye mahame na kulia? Imru' al-Qays ndiye anayetajwa zaidi kwa hilo. Kambi imehamishwa, majivu ya moto yamebaki, mpenzi amekwenda na kabila lake. Karne nyingi baadaye, mwaka 1966, Umm Kulthum wa Misri aliimba Al-Atlal, shairi la Ibrahim Nagi lililotiwa muziki na Riad al-Sunbati, nalo pia ni la magofu ya mapenzi. Taarab ya Zanzibar ilitia mizizi yake katika muziki huo wa Misri tangu enzi za Sultan Barghash. Lakini anayeelewa shairi la mahame bila kufundishwa ni mtoto wa mfugaji aliyewahi kupita mahali ambapo boma lao lilikuwa.

Sasa machache ya haraka.

Je, wajua kwamba BBC iliuzuia wimbo wa Gloomy Sunday wa Billie Holiday usipigwe redioni mwaka 1941 kwa kuwa ulihuzunisha mno wakati wa vita, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2002?

Je, wajua kwamba Lili Marleen, uliorekodiwa Ujerumani 1939 na kurushwa kila usiku kutoka Belgrade kuanzia 1941, ulisikilizwa na askari wa pande zote mbili katika jangwa la Afrika Kaskazini?

Je, wajua kwamba Wavin' Flag wa K'naan, ulioimbwa kwa shangwe wakati wa Kombe la Dunia la 2010, ulikuwa kwanza wimbo wa vita, umaskini na ukimbizi? K'naan aliondoka Mogadishu akiwa mtoto mwaka 1991, mwaka uleule ambao kambi za Dadaab zilifunguliwa upande wa pili wa Modogashe.

Je, wajua kwamba Sodade, wimbo uliompa Cesária Évora wa Cape Verde jina duniani, ni wa vibarua waliopelekwa mashamba ya São Tomé? Mtindo wake, morna, uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2019.

Je, wajua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 2001 waliwapigia ng'ombe wa maziwa muziki, wakaona kwamba nyimbo za polepole, Everybody Hurts wa R.E.M. ukiwemo, ziliongeza maziwa kwa takriban asilimia 3, yaani lita 0.73 kwa ng'ombe kwa siku? Walieleza kwamba mnyama aliyetulia huachilia maziwa. Watu wa Isiolo wanaokamua ngamia huku wakiimba walikuwa na ujuzi huo bila maabara.

Je, wajua kwamba Ali Birra, sauti kubwa ya muziki wa Kioromo, alipata jina lake la usanii kutokana na wimbo wake wa kwanza kujulikana? Alianza akiwa kijana katika kikundi cha Afran Qallo cha Dire Dawa, enzi ambazo Kioromo kilikuwa kikibanwa chini ya Haile Selassie, na kuimba mapenzi kwa lugha hiyo kulikuwa kitendo cha ujasiri. Alifariki Novemba 2022. Hachalu Hundessa, wa kizazi cha baadaye, aliingia jela akiwa na miaka 17 na kutoka 2008. Maalan Jira, wimbo wake wa 2015, unaanza kama wimbo wa mpenzi aliyetenganishwa, lakini vijana wa Kioromo waliusikia kama kilio cha ardhi iliyochukuliwa. Alipigwa risasi Addis Ababa tarehe 29 Juni 2020, na machafuko yaliyofuata yakaua watu zaidi ya 150. Majonzi hayo yalivuka mpaka hadi Moyale, Marsabit na Isiolo, kwa kuwa lugha ni moja.

Na kwa nini tunautafuta wimbo unaotuumiza? Je, wajua kwamba mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772 muziki wa huzuni huwaletea hisia gani, na jibu lililoongoza halikuwa huzuni yenyewe bali hamu tamu ya mambo yaliyopita? Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hushughulika zaidi pale wimbo unapofungua kumbukumbu ya maisha ya mtu mwenyewe. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Ulaya likaona kwamba sehemu zinazohifadhi nyimbo za zamani huwa miongoni mwa zinazochelewa kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Huenda ndiyo sababu bibi anayemsahau mjukuu wake huweza kuumaliza wimbo wa harusi yake.

Zaidi ya hapo, wanasaikolojia wamethibitisha tena na tena kwamba mtu mzima hukumbuka kwa nguvu zaidi yaliyompata kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo za umri huo ndizo zinazokaa. Hesabu inayofuata ni rahisi. Kijana wa Waso aliyekuwa na miaka 15 hali ya hatari ilipotangazwa alizaliwa mwaka 1948. Miaka ambayo nyimbo hujichimbia ndani ya mtu, kwake ilikuwa miaka ya kambi. Anazo nyimbo za kisimani za kabla ya kambi, na anazo za baadaye, wakati hapakuwa tena na mnyama wa kunywesha. Wenzake wa rika hilo wanapungua kila mwaka, na simu ya kawaida iliyomo mfukoni mwa mjukuu wake inatosha kurekodi. Anayeketi naye amuulize jina la mtunzi, jina la kisima, jina la mnyama aliyeimbiwa na mwaka alioimbiwa, na avirekodi vyote kwa sauti ya mzee mwenyewe kabla ya wimbo kuanza.